Tupeane uzoefu: Digrii ya sosholojia ilikupa nini baada ya kutoka chuo?

Mjomba wa Tabata

Wakuu, heshima kwenu. Mtoto wa dada yangu amemaliza kidato cha sita, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na amepangiwa sosholojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye anashangilia, nyumbani wamenuna. Baba yake anasema kusomea maisha ya watu kwa miaka mitatu ni anasa, wakati maisha yenyewe yapo hapa Kimanga bure. Mama yake naye anaamini binti anaenda kuwa ofisa ustawi wa jamii. Mimi nilisoma uhasibu, siwezi kumtetea mtu kwa kitu nisichokijua.

Naomba waliosoma, hasa mnaoishi na kufanya kazi hapa Dar, mseme mlichokipata. "Ni nzuri ukijituma" tafadhali mniachie. Nataka kujua mlifundishwa nini na kimewafaa wapi. Wenye manung'uniko nao karibuni.

Mama Kimara

Mimi sikusoma ila nililipia. Wa kwangu alirudi likizo ya mwaka wa kwanza akamwambia babu yake kwamba mahari ni taasisi. Babu akamjibu sawa, na hiyo taasisi utaipelekea ng'ombe wangapi. Nipo nafuatilia.

Dodoso

Naomba niandike kirefu maana hii ndiyo inayonilisha. Nasimamia wadadisi kwenye tafiti: afya, maji, usafiri, chochote kinachohitaji mtu kwenda kubisha hodi.

Nadharia nimeshasahau nusu yake. Mbinu za utafiti sijasahau. Chukua jambo dogo la kuhesabu kaya. Mtu asiyefundishwa anafika Manzese, anaona nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, anaandika kaya moja. Ndani yupo bibi mwenye nyumba na wajukuu zake, vijana watatu wanaochanga chakula, binti anayekula kwa mama ntilie, na fundi ambaye mke na watoto wako Kilwa. Kaya ngapi hapo? Huwezi kujua mpaka uulize nani anakula chungu kimoja na nani. Ukikosea hapo mlangoni, asilimia zote utakazoziweka kwenye ripoti ni za uongo hata kama kompyuta imezipiga sawasawa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 hapa Dar, na kila mmoja wao aliingia kwa sababu karani alikaa kibarazani akauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti.

Halafu kuna kipato. Muulize muuza samaki wa Feri anapata shilingi ngapi kwa mwezi, atakutajia namba yoyote ilimradi uondoke. Yeye hana mwezi, ana siku. Muulize jana mzigo alinunua kwa bei gani, ushuru na nauli vimekula ngapi, barafu ngapi, kimebaki nini, na wiki hii ametoka siku ngapi. Ukipita kwenye matumizi unafika kwenye kipato bila kugombana na mtu.

Mengine utasema ni akili ya kawaida, lakini chuoni tulifundishwa na sababu yake. Mtu humjibu mgeni jibu la kumpendeza, au la kujilinda, na mgeni mwenye kishikwambi, fulana ya mradi na mwenyekiti wa mtaa pembeni yake ni mgeni wa kuogopwa. Ndiyo maana mwenyekiti ukishamshukuru unamwomba akapumzike mbali kidogo. Ukimhoji mke mume akiwa amekaa hapo, umemhoji mume. Na barua ya utambulisho ipite mkoani, wilayani, katani mpaka mtaani na ijae mihuri yote, bado mama wa watu ana haki ya kukwambia sitaki. Vijana wengi ninaowapokea kutoka fani nyingine hilo la mwisho linawasumbua sana. Wanabembeleza.

Ubaya wake ni kwamba kazi ni za mkataba. Wiki kadhaa unakimbizwa, kisha kimya. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, miradi ya afya niliyokuwa naizunguka ilizimika kwa mpigo. Dogo asiweke mayai yake yote kwenye NGO.

Ofisa wa Kata

Kaka mleta mada, mwambie dada yako kwamba ustawi wa jamii ni taaluma nyingine, ina chuo chake pale Kijitonyama. Mtu wa ustawi anafundishwa kumhudumia mwenye shida: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na ndugu. Sisi wa sosholojia tunafundishwa kuangalia kwa nini mtaa mmoja una watoto wengi waliotelekezwa kuliko mwingine. Kwenye matangazo ya ajira tunajikuta tunagombea nafasi moja, ndiyo maana watu wanatuchanganya.

Mimi ni ofisa maendeleo ya jamii, upande wa Temeke. Halmashauri inatakiwa itenge 10% ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mnakumbuka mikopo hii ilisimamishwa 2023, na vikundi hewa vilikuwa moja ya vilio vikubwa. Sasa kikundi hewa ukikiona huwezi kukijua kwa karatasi. Katiba wanayo, muhtasari umepigwa chapa, picha ya pamoja imo, mihuri yote ipo. Mara nyingi karatasi zao ni safi kuliko za wale wa kweli!

Mimi nikishapokea faili huwa naenda kukaa nao. Nauliza mara ya mwisho mlizika wapi. Nani alibeba sufuria, nani hakuonekana, na huyo asiyeonekana mlimfanya nini? Kikundi cha kweli kitaanza kugombana mbele yangu: "Si wewe ulisema unaumwa, tukakukuta Mbagala sokoni?" Wananisahau kabisa. Kikundi cha karatasi wote wanageuka kumtazama mwenyekiti. Nilichosoma ni kwamba kundi la watu lina historia na lina adhabu zake, hata kama ni faini ya shilingi elfu moja. Wasio na historia wala adhabu ni majina tu yaliyopangwa kwenye karatasi. Bosi wangu wa zamani alikuwa mtu wa biashara na aliona napoteza muda, ila orodha ya wasiorejesha ilipotoka akaanza kunituma mimi.

Abiria Mmoja

Niwe mkweli maana wote mliojibu mna kazi. Mimi nina hiyo digrii, GPA 3.8, naendesha gari la abiria la kuitwa kwa simu. Nimeomba kwenye mfumo wa ajira za serikali mpaka nywila naiota. Usaili wa mchujo unakuta ukumbi umejaa, nafasi ziko mbili, na nusu ya ukumbi ni sosholojia, nusu nyingine maendeleo ya jamii. Daktari akikosa ajira bado ni daktari mtaani, watamfuata hata usiku. Mimi nani atanigongea usiku nimweleze Marx?

Siwadharau walimu, walifundisha vizuri. Ila bumu, yaani mkopo wa serikali ulionisomesha, ni deni, na nikipata ajira rasmi bodi ya mikopo inakata 15% ya mshahara. Kwa hiyo mjomba, baba wa binti hajakosea kuuliza.

Dodoso

@Abiria Mmoja hapo sibishani na wewe. Ila nikuulize, mwaka wa pili takwimu uliisoma au uliivuka?

Abiria Mmoja

Niliivuka kama wengine, mkuu. Nani alikuja sosholojia kufuata hesabu?

Dodoso

Basi. Kwenye orodha yangu ya simu wanaojua kuhoji ni wengi kupita kiasi. Wanaojua kuhoji na pia kupanga dodoso kwenye kishikwambi, kusafisha data na kusoma jedwali, nikipata mradi huwa nawapigia usiku huohuo. Ukitaka njoo inbox, sijasema umechelewa.

Shifti ya Asubuhi

Mimi niko idara ya rasilimali watu kwenye kiwanda kimoja Barabara ya Nyerere. Pale chuoni aliyenibadilisha ni yule Mfaransa Durkheim. Mwaka 1897 alichukua jambo ambalo kila mtu anadhani ni siri ya moyo wa mtu mmoja, kujiua, akaonyesha kwamba viwango vyake vinafuata jinsi watu wanavyoishi pamoja: dini zao, ndoa, misukosuko ya uchumi. Wenzangu walikariri kwa ajili ya mtihani, mimi nilibaki nayo.

Nilipoanza kazi, kesi kubwa ilikuwa kuchelewa. Meneja aliandika barua za onyo kila wiki na kusema wafanyakazi wa siku hizi ni wavivu. Nikaomba daftari la getini, nikapanga majina kwa mahali mtu anapoishi. Wachelewaji walikuwa hawajasambaa: wengi ni kina mama wanaotoka Chanika na Kongowe, wenye watoto wa shule ya awali. Uvivu gani huo unaochagua kituo cha daladala? Tulisogeza shifti yao kwa nusu saa. Barua za onyo zikapungua mpaka meneja akaniuliza kama naficha faili.

Sijasema kila siku inakuwa hivyo. Siku nyingi napanga likizo na kujaza fomu za mifuko ya hifadhi ya jamii.

Fremu ya Pili

Kariakoo hapa, nauza vitambaa. Digrii ninayo, cheti kiko kwa mama. Nilichopata mimi ni kutoogopa kumuuliza mteja swali na kunyamaza nikisubiri jibu. Ila kwa uaminifu nilikuwa nayo hata kabla, nimelelewa dukani. Endeleeni.

Mpimaji wa Moyo

Kuna eneo hakuna aliyeligusa: fidia. Mradi wa barabara au mitaro ukipita mahali penye watu, timu ya tathmini inakuwa na mhandisi, mtu wa mazingira, mthamini, na mtu wa masuala ya kijamii. Huyo wa mwisho mara nyingi ni sisi.

Mthamini anathamini ardhi, nyumba, miti. Kazi yangu ni kuuliza nani mwingine anaishi kwa kutegemea kiwanja hiki na jina lake halipo popote. Mpangaji wa chumba cha uani. Mama mwenye meza ya maandazi barazani. Fundi baiskeli chini ya mwembe: mwembe una bei, yeye hana. Makaburi ni ya ukoo gani na nani ana kauli ya kuyahamisha. Kwenye miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, masharti yao yanataka hata asiye na haki ya ardhi ahesabiwe, alipwe alichojenga na asaidiwe kuhama. Kipengele kipo, lakini bila mtu wa kuwatafuta watu hao kinabaki kwenye karatasi.

Na familia nazo! Hela ya fidia inatoka kwa jina la baba, mke mkubwa yuko Mkuranga, mdogo yuko hapa, nyumba ilijengwa na marehemu kaka. Somo la familia na ukoo nililidhania la kujazia idadi ya masomo tu. Sasa siku ya kwanza eneo jipya naanza kwa kuchora ukoo kwenye daftari kabla sijagusa fomu. Ukiruka hatua hiyo, siku ya malipo utakuta watu watatu wamesimama dirishani na kila mmoja ana shahidi wake.

Niliwahi kufanya na kampuni moja ya ushauri iliyotaka nijaze mikutano ya wananchi ambayo haikufanyika. Niliondoka. Binti ajue kuwa majaribu ya namna hiyo yapo, na sahihi itakayokuwa chini ya ripoti ni yake.

Yombo Mwaka wa Tatu

Shikamooni wakubwa. Mimi bado nipo chuo. Naongeza moja tu: kujifunza kuandika. Kila wiki unasoma kurasa nyingi za watu wasiokubaliana, kisha unatakiwa useme nani kasema nini na wewe unasimama wapi, ukurasa mmoja na nusu. Mwanzoni nilikuwa naandika kama mtu wa risala. Likizo ndefu iliyopita nilikuwa fildi kwenye ofisi ya kata, wakanipa muhtasari wa vikao kwa sababu wengine walikuwa wanajaza kurasa nane bila uamuzi kuonekana. Posho haikuwepo lakini mtendaji alinipa barua nzuri.

Mjomba wa Tabata

Wakuu, nimewasomea wazazi wake jioni hii, yakiwemo ya @Abiria Mmoja, sikuficha. Baba ameuliza maswali mengi kuhusu fidia (ana kiwanja Kigamboni, msimcheke). Binti naye ana hofu moja: hesabu ya kidato cha nne alipata D, na @Dodoso amemtisha na hizo takwimu. Afanye nini kabla chuo hakijafunguliwa?

Dodoso

D siyo tatizo. Asianze na vitabu wala programu yoyote. Achukue daftari, aulize kodi za vyumba mtaani kwao. Tuseme amepata tano: 40,000, 45,000, 50,000, 50,000, na fremu moja ya barabarani 315,000. Ajumlishe, agawanye kwa tano. Wastani ni 100,000, na hakuna mtu hata mmoja anayelipa hiyo. Kisha azipange kuanzia ndogo, aangalie iliyo katikati: 50,000. Aandike sentensi mbili kueleza ipi angempa mpangaji anayetafuta chumba, na ipi angempa mwenye nyumba anayetafuta sababu ya kupandisha kodi. Akimaliza aniletee hapahapa, nitampa nyingine. @Abiria Mmoja na wewe fanya, una nafasi ukiwa unasubiri oda.