Miksa ya 6–18 GHz kwenye chipu: baluni inakula nafasi yote, nifanyeje?

kijana_ngamiani:
Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Nipo Tanga, Ngamiani, nimerudi nyumbani likizo na projekti yangu ya mwaka wa mwisho, nadizaini miksa (saketi ya kubadili frikwensi ya ishara) ya bendi pana, RF (ishara inayoingia) na LO (ishara ya oskileta inayochanganywa nayo) zote 6 mpaka 18 GHz, IF (ishara ya tofauti yao inayotoka) kuanzia DC hadi walau 1 GHz. Natumia ile PDK (faili za kudizainia chipu za kiwanda fulani) ya wazi ya IHP, taasisi ya utafiti ya Ujerumani, silikoni-jemaniamu ya 130 nm, maana inapakuliwa bure. Nimechagua pete ya diodi nne na baluni mbili za Marchand (baluni inageuza ishara ya waya mmoja kuwa mbili zinazopingana, ya Marchand inafanya hivyo kwa laini zilizokaribiana). Sasa tatizo saizi. Katikati ya bendi ni 12 GHz, ndani ya oksaidi robo ya wimbi ni karibu 3.1 mm, na Marchand moja inataka robo mbili, mimi eneo langu lote ni milimita moja kwa milimita moja. Nikunje laini au niachane na Marchand niende Gilbert (miksa ya transista)? Naomba mnisaidie, msimamizi anataka niamue kabla chuo hakijafunguliwa.

mgosi_wa_bandarini:
Mgosi karibu. Mi ningeenda Gilbert tu, transista sita, eneo dogo, unapata gain (ishara inakuzwa) badala ya kupoteza. Nashughulika na rada za meli hapa Tanga, zile za 9.4 GHz zinazoshushwa mpaka 60 MHz, najua ukipoteza dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya ishara) pale mbele huzirudishi tena huko nyuma. Na hizo diodi zitataka LO kama +13 dBm, yaani 20 mW, utaitoa wapi kwenye chipu?

bagamoyo_mawimbi:
Marahaba mdogo wangu. Hoja ya LO ina uzito, utalazimika kuweka amplifaya ya LO na italamba umeme, hilo likubali mapema. Ila Gilbert siiungi mkono kwa kazi hii. Inataka ishara za pande mbili zinazopingana na wewe RF na LO zako zinaingia kwa waya mmoja mmoja, kwa hiyo baluni bado inakudai, ama upeleke upande mmoja graundi kwa kapasita halafu ukikaribia 18 GHz ulinganifu unayumba. Na ishara kubwa ikiingia Gilbert inachoka mapema kuliko diodi.

Marchand usiiache, ikunje. Chukua laini mbili zilizopandana, TopMetal2 juu (safu ya metali yenye unene wa 3 µm) na TopMetal1 chini yake (2 µm), zizungushe kama kamba ya jahazi inavyokunjwa sitahani, koili mbili zinazofanana kabisa kwa kila baluni. Hapo unaokoa eneo na bendi pia unaipata, kwa sababu mizunguko iliyokaribiana inasaidiana kwa sumaku, inapandisha impidansi ya even modi (ile hali laini zote mbili zina volteji sawa), na hiyo impidansi ikiwa ndogo Marchand haiwezi kuwa na bendi pana hata ufanyeje. Ndo maana laini inaweza ikawa fupi kuliko robo ya wimbi na bado ikafanya kazi. Graundi ya Metal1 (safu ya metali ya chini kabisa) usiitandaze chini ya koili, itoboe, ikiwa karibu inaishusha even modi. Ukiitoboa lakini koili inaiona silikoni, nayo inapoteza, sio kama GaAs (galiamu aseniaidi), kwa hiyo pima kwenye simulesheni ujue uitoboe kiasi gani.

Kuhusu loss (upotevu wa ishara ndani ya miksa), nadharia inasema 3.9 dB, we ukipata 8 au 9 kwa bendi hiyo usikate tamaa. Nguvu zako peleka kwenye ulinganifu wa pande mbili za baluni. Pande hizo zikipishana 1 dB na digrii 10 tu, LO inayovuja inapungua kama 20 dB basi, hata diodi zako zifanane vipi.

kijana_ngamiani:
Asante sana kaka, nimeelewa ya koili. Sasa IF naitolea wapi? Ncha za Marchand si zinaishia graundi, na yangu inaanzia DC.

bagamoyo_mawimbi:
Kwenye baluni ya RF hizo ncha mbili usizizike graundi, ziunganishe pamoja, weka kapasita kwenda graundi, IF itoe hapohapo. Kwa RF ile kapasita ni kama graundi, kwa IF ni kama haipo. Thamani yake ndo mtihani: 5 pF kwa 6 GHz ni kama omu 5, nzuri sana, ila kwa 1 GHz ni omu 32 tu na IF yako ya omu 50 itaumia. 2 pF inakupa kama omu 13 na omu 80. Anza hapo katikati, na kama siku moja utataka IF ya gigahezi nyingi basi hamia miksa ya nyota (mpangilio mwingine wa diodi nne), pete haitakufikisha.

mgosi_wa_bandarini:
Hapo kwenye IF nimejifunza. Mdogo wangu simulesheni unafanyia nini, una leseni?

kijana_ngamiani:
Sina, natumia openEMS (programu ya bure ya kusimuleti mawimbi) kwa koili, kisha naingiza matokeo ngspice (ya bure pia, ya saketi) pamoja na diodi.

bagamoyo_mawimbi:
Inatosha kabisa. Ila koili zote nne ziweke kwenye modeli moja, pamoja na vipande vya waya vinavyoenda kwenye diodi, kwa milimita moja zinaonana na ukizipima mojamoja utapata ulinganifu mzuri ambao kwenye chipu hautakuwepo.