Tupeane uzoefu: mtoto yatima anahamia kwa ndugu, dawa na haki zake zisipotelee njiani

Mwanzisha mada, Njombe
Kamwene ndugu zangu. Utafiti wa 2022-2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa na Mbeya zikifuatia. Matanga yakianuliwa, mtoto anapandishwa basi kwenda kwa bibi au mama mdogo na begi la nguo tu. Wenye kujua taratibu tuelekezeni, hasa kwa anayetumia ARV, dawa za kufubaza VVU.

Muuguzi wa CTC, Mafinga
Kabla ya safari, mlezi mpya aende na mtoto CTC ya zamani, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU. Achukue fomu ya uhamisho, kadi ya CTC1 (ile anayokaa nayo mgonjwa) na dawa za kumfikisha. Namba ya CTC iandikwe pia kwenye daftari la nyumbani. Kadi ikipotea, kliniki mpya itaulizia kwa namba hiyo.

Kinachowaangusha walezi wengi ni dozi kubaki ileile huku mtoto anakua. Mfano ni ARV iitwayo dolutegravir, ile ya watoto ya miligramu 10: kilo 10 hadi 13.9 ni vidonge 2 kwa siku, kuanzia kilo 14 ni 2 na nusu, akifika 20 kliniki humhamishia kidonge 1 cha miligramu 50. Apimwe uzito kila hudhurio, sweta na viatu pembeni, maana masweta ya huku kwetu ni mazito. Msibadilishe wenyewe nyumbani.

Vidonge hivyo vya watoto viyeyushwe kwenye vijiko viwili vya chai vya maji safi, anywe ndani ya nusu saa. Kisha mimina maji kidogo, zungusha kikombe, anywe na hayo: dawa hutuama chini. Kama anapewa dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma, dolutegravir itangulie kwa muda wa saa mbili.

Msaidizi wa kisheria, Makete
Kwa upande wa mirathi, kikao cha ukoo kiandike muhtasari, uende mahakama ya mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa ana miezi 4 kuwasilisha Fomu Na. 5 yenye mali na madeni yote. Huku watu huandika nyumba na ng'ombe, shamba la miti wakaliacha. Andikeni hata miche ya mwaka jana, mipaka na majirani, la sivyo mbao zitavunwa mtoto akiwa shuleni Mbeya.

Mlezi, Tukuyu
Asante dada muuguzi. Wa miaka minane akiuliza dawa ni za nini?

Muuguzi wa CTC, Mafinga
Mama, usimwambie ni za kifua. Siku akisikia kifua kimepona, ataziacha. Mwambie mwilini kuna kirusi, dawa zinakilaza kisimdhuru. Jina lenyewe mpange na mshauri wa kliniki, alijue kabla hajalisikia kwa wenzake.