Mwaridi unadhoofu kivulini Moshi: je, nipande masale badala yake?

Mama wa Rau: Wanajukwaa, salaam. Mbele ya baraza langu hapa Moshi, upande wa kusini wa nyumba na chini ya mparachichi, kuna mwaridi ambao kila masika majani yake huota madoa meusi yenye kingo zilizochanika, hugeuka manjano, kisha hupukutika kuanzia chini hadi vikabaki vijiti na miiba. Nimeuwekea samadi na kuupogoa. Dawa ya ukungu niliyouziwa dukani husaidia pale tu ninapoendelea kupulizia. Mtunza bustani anapendekeza duranta, lakini ningependa mmea wa asili ya huku kwetu, na nimefikiria masale, yale ya jamii ya dracaena yenye majani marefu ya kijani. Nafasi ni finyu, kando ya ukuta wa jirani, na nina mbwa. Naomba ushauri.

Mkulima wa Kibosho: Shikamoo mama. Mwaridi huo umekosa jua zaidi ya kitu kingine chochote. Mwaridi huhitaji jua la moja kwa moja kwa takriban saa 6 kwa siku, ilhali upande wa kusini wa nyumba zetu hupata kivuli kirefu katikati ya mwaka, jua linapokuwa kaskazini, na mparachichi unamalizia kilichobaki. Ukungu wa madoa meusi huota pale majani yanapokaa na unyevu kwa saa nyingi, na kivulini hayakauki upesi, kwa hiyo kubadilisha dawa ni kupoteza fedha. Duranta nayo asili yake ni Amerika, hupenda jua, na matunda yake yale ya manjano yana sumu. Sioni ingekusaidia nini hapo.

Masale yatakufaa. Katika vihamba, yaani mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba, hustawi chini ya migomba na mringaringa, mahali ambapo mimea mingi ya maua hukata tamaa. Kata vipande vya shina vyenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, viache kivulini hadi jeraha likauke, kisha uvichomeke masika yanapoanza, macho yakitazama juu. Kabla ya hapo, chimba shimo, lijaze maji na uangalie: yakituama hadi kesho yake, inua tuta, kwa maana mizizi ya masale huoza kwenye udongo uliojaa maji. Maua yake meupe hufunguka usiku na kunukia sana. Kwa mtu wa kuketi barazani hiyo ni faida, ingawa wapo wanaoona harufu imezidi.

Mzaliwa wa Marangu: Naafiki, ila kuna jambo ambalo mchangiaji aliyetangulia, kwa kuwa ni mtu wa mlimani, ameliona la kawaida mno kulitaja. Kwetu Wachaga masale ndiyo alama ya mpaka tangu zamani, na ndilo jani analobeba mtu anayekwenda kuomba radhi. Safu ya masale inayofuata ukuta inaweza kusomwa kama tamko kuhusu ardhi, hasa na wazee. Thibitisha kwanza mawe ya mpaka yalipo, mweleze jirani nia yako ni bustani tu, na upande kwa fungu, hatua moja au mbili kutoka ukutani, badala ya mstari.

Daktari wa mifugo, Arusha: Kuhusu mbwa: majani ya masale yana saponini, kemikali ya mimea inayochafua tumbo la mbwa. Mbwa akiyatafuna hutapika, hutokwa na mate mengi na hukataa chakula. Mbwa mzima kwa kawaida huyapuuza, lakini mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu, hivyo zungushia wavu mpaka azoee.

Mama wa Rau: Nawashukuru sana. Mbwa wangu ni mzee na mvivu. Jirani nitamwona Jumapili baada ya ibada. Je, mwaridi wenyewe niung'oe nikautupe?

Mkulima wa Kibosho: Usiutupe, mama. Mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, upogoe ubaki na matawi machache yenye afya, uchimbe pamoja na bonge la udongo wake, na uuhamishie karibu na geti kama jua la asubuhi hufika hapo. Majani yote yenye madoa, pamoja na yaliyoanguka chini, yakusanye uyachome. Usiyatie kwenye mboji.