Mama ana kisukari na ameanza kunywa maji ya maua ya vinka, naombeni ushauri

Binti wa Muheza: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana kisukari, yuko kwenye vidonge vya sukari, metformin na glibenclamide. Jirani kamwambia achume majani ya yale maua ya vinka yaliyojaa mbele ya nyumba, ya waridi yenye kijicho chekundu katikati, ayachemshe anywe kikombe kabla ya chai. Ameshaanza. Jana kwenye saa nne asubuhi alitoka jasho jingi, mikono ikawa inatetemeka. Nikimsihi aache ananiambia hata dawa za hospitali zinatokana na miti. Nimjibuje?

Mzee wa Kibarazani: Pole binti. Kwetu wazee wanayatumia na sukari inashuka kweli. Asizidishe tu, majani matano yanatosha.

Mfamasia Mtaani: Shikamoo mzee wangu. Naomba nipingane nawe kwa heshima: majani matano ya shina moja hayalingani nguvu na matano ya shina la jirani, na hakuna anayeweza kuyapima jikoni.

Binti, jasho na kutetemeka ni dalili za sukari kushuka. Glibenclamide peke yake inaweza kuishusha kupita kiasi, sasa mama ameongeza kitu kingine juu yake. Ikimrudia mpime hapo hapo. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Kuhusu dawa kutokana na miti, mama hajakosea, na ua hilo hilo ni ushahidi. Asili yake ni Madagaska. Miaka ya 1950 watafiti Robert Noble na Charles Beer huko Kanada walipata majani yake kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kwa ajili ya kisukari. Walipowapa panya, kilichowashtua si sukari. Chembe nyeupe za damu ndizo zilizoporomoka, panya wakafa kwa maambukizi. Humo ndimo ilimopatikana vinblastine, na baadaye vincristine, dawa za saratani; vincristine hutibu watoto wenye saratani ya damu na ile ya taya, Burkitt. Lakini dawa hizi hutolewa kwa sindano ya mshipa, kwa kipimo cha miligramu, huku damu ikipimwa. Majani makavu mamia ya kilo hutoa dawa kidogo mno. Ndani ya jani kuna alkaloidi (kemikali kali za mmea) zaidi ya 70, na chungu cha nyumbani hakizitenganishi.

Binti wa Muheza: Asante sana. Miguu yake inakufa ganzi tangu zamani, kuna uhusiano?

Mfamasia Mtaani: Ganzi ya zamani inaelekea ni ya kisukari chenyewe. Ila vincristine nayo huumiza mishipa ya fahamu, ndiyo maana namhofia zaidi mtu mwenye miguu kama ya mama.

Mama Wawili: Na choya, yale maua mekundu ya juisi, je? Mimi naichemsha bila sukari.

Mfamasia Mtaani: Choya ni kinywaji, haina shida hiyo. Inashusha presha kidogo, kwa hiyo anayemeza vidonge vya presha amwambie daktari.

Binti wa Muheza: Amekubali kuacha kuyanywa. Kesho asubuhi tunakwenda kliniki.

Mfamasia Mtaani: Beba tawi moja na vidonge vyote anavyotumia, na mweleze daktari saa aliyotetemeka. Vidonge asiviache mwenyewe.