Wauza udongo wa reptilia, acheni kutuuzia udongo wa maua!

Wakuu, nina hasira na sifichi. Mfuko umeandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni salama kwa mijusi na nyoka, unafaa kwa tangi hai, yaani tangi lenye mimea na vijidudu vinavyolisafisha. Nimeumwaga kwenye beseni: vipunje vya mbolea vya manjano, duara kama mtama, na perlaiti nyeupe (punje nyepesi za mwamba wa volkano uliopashwa moto) imetapakaa kila mahali. Huu ni udongo wa kuoteshea maua, umebadilishiwa mfuko tu!

Perlaiti inaelea, kila ukimwagilia inapanda juu, na mjusi anayewinda kwa macho akiona kitu cheupe anakidaka. Mbolea ndiyo balaa zaidi, maana chumvi zake zinaweza kuwadhuru isopodi na kolembola, wale vijidudu wa kusafisha tangi, na hao ndio wanaokula kinyesi na ukungu. Wakiisha hao, unabaki na sanduku la uchafu lenye mimea.

Nikamlalamikia muuzaji. Eti, "Basi tumia kokopiti tupu," yaani maganda ya nazi yaliyosagwa. Hapana! Kokopiti ikikauka ni vumbi, na mnyama akichimba shimo linabomoka. Mjusi wa maeneo makavu anataka udongo unaoshikana: udongo wa juu usio na mbolea, mchanga uliooshwa, na mfinyanzi kidogo. Wengi huanzia asilimia 60 hadi 70 ya udongo, inayobaki mchanga, kisha wanarekebisha. Mjusi wa msituni ni habari nyingine kabisa: mboji, vipande vya magome, majani makavu tele juu, na kokoto chini ili maji yasiozeshe mizizi. Sasa mfuko mmoja unawafaaje wote?

Na ule mchanga wa kalsiamu wanaodai unameng'enywa, jamani! Mjusi anaulamba akitafuta kalsiamu, unagandamana tumboni, utumbo unaziba.

Asije mtu hapa kuniambia ningesoma lebo. Nimeisoma yote, hakuna kiambato hata kimoja kilichotajwa! Ninachodai ni hicho tu: andikeni kilichomo ndani, na kama mmetia mbolea semeni.

Wenzangu, kabla hujamwaga udongo tangini, tia kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha hadi kesho. Mchanga utatuama kwanza, mfinyanzi utachelewa, perlaiti itaelea. Mbolea haitajionesha hivyo, itafute kwa macho na vidole udongo ukiwa mkavu. Mkikuta uchafu kama wangu, wekeni picha kwenye uzi huu.