Kiziwi akiomba magwanda, anyimwe?

Mtoa mada, Mtwara mjini:
Mtwara kuchele! Hoja yangu: kiziwi aruhusiwe kuingia jeshini au la? Mimi nasema aruhusiwe.

JKT ikiita wahitimu wa kidato cha sita, tangazo husema wenye ulemavu wa kuonekana waripoti Ruvu, mkoani Pwani, kwenye miundombinu inayowafaa. Wa kuonekana! Sasa ukiziwi unauonaje? Mdogo wangu ukimsalimia kwa nyuma asipoitika, utasema ana maringo.

Ni fundi wa malori. Injini ikigonga anaweka kiganja kwenye bloku, anafumba macho, kisha anakuonyesha kwa vidole ni silinda ya ngapi. Mwishoni mwa 2018 jeshi lilipoletwa kusomba korosho zetu, kazi ilikuwa malori na magunia. Hapo masikio ya nini?

Mstaafu, Nachingwea:
Kijana, jeshini hakuna fundi. Kuna askari anayejua ufundi. Kitaya mwaka 2020 watu walivuka Ruvuma wakavamia kijiji, hawakuuliza nani fundi. Lindo la usiku unasikia kabla hujaona: kijiti kimevunjika, vyura wamenyamaza ghafla. Unauliza "Nani wewe?" Asipojibu, unapiga. Mdogo wako akiwa anatoka chooni je?

Mwalimu, Lindi:
Shikamoo mzee. Doria si mnaongea kwa mikono? Viziwi ndiyo lugha yao. Na sheria ya 2010 inataka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi, asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Hata Marekani, Keith Nolan, kiziwi, aliruhusiwa kusoma na maofisa wanafunzi chuoni California. Kuwa ofisa ndiyo akakataliwa.

Mstaafu, Nachingwea:
Marahaba. Mikono gizani anaiona nani? Na jeshi si kiwanda cha kubangua korosho, mambo ya asilimia peleka huko. Ila nisiwafiche: sikio langu la kushoto liliondoka na mizinga, vita vya Kagera, na la kulia likafuata taratibu. Nikapelekwa stoo, nikakaa huko hadi nastaafu.

Mtoa mada, Mtwara mjini:
Samahani mzee wangu, ukiwa stoo lindo ulikuwa huingii?

Mstaafu, Nachingwea:
Naingia vizuri tu. Nilikuwa napangwa na mwenzangu, yeye anasikiliza, mimi naangalia. Lakini mimi niliingia jeshini nasikia, usichanganye mambo.