Naomba ushauri: Shopify au WooCommerce kwa duka la kahawa?

Habari zenu wakuu. Nauza kahawa ya kukaanga hapa Moshi, pakiti za robo na nusu kilo. Oda zote zinakuja WhatsApp na Instagram, na kujibu "bei gani?" kutwa nzima kumenichosha (bei ipo kwenye picha, lakini ndiyo hivyo).

Kwa hiyo nataka kufungua duka la mtandaoni. Shopify (huduma ya kulipia inayokupa duka la mtandaoni lililo tayari) naona ni rahisi kuanza. Shida ni ada ya kila mwezi kwa dola, uuze usiuze. Tena Shopify Payments (mfumo wao wenyewe wa kupokea malipo) haipatikani Tanzania, kwa hiyo unatumia mfumo wa malipo wa nje, halafu wao wanakata asilimia yao juu ya makato ya huo mfumo. WooCommerce (programu ya kuongeza duka kwenye tovuti ya WordPress) yenyewe ni bure, ila unalipia domeni (jina la tovuti) na hosti (mahali tovuti inapohifadhiwa) ya WordPress, na usalama wa tovuti unabaki juu yako.

Wateja wangu wengi wako Dar, mzigo napakia kwenye basi, wanalipa M-Pesa au Airtel Money. Wachache ni wageni waliokuja kupanda Kilimanjaro, hao wanataka kadi.

Aliyeunganisha M-Pesa na WooCommerce alipitia njia gani, na makato yakoje? Fundi wa Moshi au Arusha anachaji kiasi gani? Mimi naelekea WooCommerce, mwenye sababu ya kunizuia aseme mapema.